Dumu la Mawese na Kiti cha Mbele

Mtu akiniambia kwamba mawese ni chakula nitamkubalia kwa heshima zote, lakini nitamwomba kwanza aje Mbeya akitazame kiti cha mbele cha gari langu. Mwezi wa saba tulikuwa tunarudi kutoka Kyela kwa mama mkwe, buti imejaa mchele na mikungu ya ndizi, nikakabidhiwa dumu la lita 5 la mawese, ambalo mdomo wake ulizibwa kwa kipande cha nailoni badala ya kifuniko. Mke wangu, aliyekuwa ameketi nyuma na watoto, alishauri liwekwe chini, penye miguu. Mimi, kwa busara ninayojijua nayo, nikaliketisha kitini na kulifunga mkanda kama mheshimiwa. Mkanda ulifanya kazi yake bila lawama. Nailoni ndiyo iliyotusaliti kwenye kona za kupandia Tukuyu.

Kitambaa cha kiti hicho ni cha rangi ya maziwa, na aliyebuni rangi hiyo kwa ajili ya viti vya gari bila shaka hana wakwe Kyela. Kule kando ya Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto huyafanya mawese yawe majimaji, hivyo yalipomwagika yalipenya kitambaa hadi kwenye sponji bila kubisha hodi. Lakini sisi tukapanda Kiwira, tukapita Isyonje, na tulipofika Uyole, kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,700, yalikuwa yameganda humo humo kama samli.

Asubuhi iliyofuata niligundua kwamba mtaani kwetu kila mtu ni fundi wa madoa. Jirani alileta unga wa muhogo, akaeleza kwamba unga hunyonya mafuta, jambo ambalo ni kweli kwa mafuta yaliyo majimaji. Haya yaliyoganda yaliutazama tu, na kufikia jioni nilikuwa na kiti chenye unga na mawese, kilichopungukiwa samaki. Kijana wa bodaboda alipendekeza petroli. Petroli huyeyusha mafuta kweli, lakini mvuke wake hulipuka kwa cheche moja tu, na mkopo wa gari lile bado sijaumaliza. Waliotia fora ni vijana wa kuosha magari, ambao walimwaga sabuni ya unga kwa viganja, wakasugua kwa brashi ya sakafu mpaka doa lililokuwa sahani likawa sinia, kisha wakapitisha mpira wa maji. Kwa baridi ile sponji ilikaa siku 4 bila kukauka, gari likanuka kama godoro la mtoto anayekojoa, na sabuni iliyobaki kitambaani ikawa inakamata kila vumbi lililopita Uyole.

Hatimaye nilichukua birika mwenyewe, maana mawese huyeyuka yakifikia joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Nilichovya kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, nikaligongagonga doa kutoka ukingoni kuelekea katikati bila kusugua, na kila mara nikalikandamiza kwa taulo kavu linywe kilicholegea. Taulo likatoka rangi ya chungwa, nikalinyanyua juu kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Asubuhi doa lilikuwa limerudi, kwa sababu maji yanapokauka hupanda juu na kubeba kila yalichokikuta kwenye sponji. Nikarudia. Likarudi. Tulifanya hivyo mara 5, mimi na doa, hadi tukakaribia kusalimiana.

Wekundu uliosalia uliondolewa na jua, kwani rangi ya mawese hufifia ikipigwa na mwanga, na kiangazi cha Mbeya, pamoja na baridi yake yote, hakina uchoyo wa jua la mchana. Gari lilishinda milango wazi wiki 2, watoto wakifukuza kuku wasitagie ndani.

Sasa palipokuwa na doa panang'aa kuliko kiti kizima, ambacho kumbe kilikuwa kimegeuka kahawia miaka mingi iliyopita bila kunitaarifu. Jumapili nilimpa lifti mama mmoja wa kanisani hadi Mwanjelwa. Alikitazama kile kiduara cheupe, akaniuliza, "Baba, hapa kilimwagika nini?", kisha akakusanya kitenge chake na kukalia upande mchafu.