Jalada la Upanga na kanda ya Barabara ya Pugu

Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kujua mtaa wake ulikuwaje kabla hajazaliwa ana milango miwili mikubwa ya kubisha. Mmoja ni Nyaraka za Taifa, Upanga, yalikohifadhiwa majalada ya Wajerumani na Waingereza. Wa pili ni maktaba ya kanda za redio ya taifa, Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu. Wapenzi wa makaratasi husema kanda ni burudani tu, na simulizi ni maneno ya barazani. Wapenzi wa sauti nao hujibu kwamba jalada ni macho ya mkoloni. Kila upande una hoja, ila kwa maoni yangu hoja hizo hazina uzito sawa.

Majalada yana sifa ambayo hakuna anayeweza kuyanyang'anya. Yale ya Kijerumani yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na yalistahili. Ukiyasoma pamoja na ya Waingereza waliofuata unaona jinsi mji ulivyogawanywa: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini kwa Waafrika, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi kutenganisha watu. Hakuna mzee, hata awe na kumbukumbu kali namna gani, atakayekutajia vipimo vya kiwanja, kodi ya nyumba na tarehe ya amri kama karatasi inavyotaja. Tena mzee anayehojiwa leo kuhusu miaka ya 1950 anajua tayari nani alishinda. Bila hata kukusudia, huwapunguza walioshindwa.

Lakini jalada huandika kile ambacho mtawala alitaka kukijua: mwenyekiti nani, katibu nani, anuani ipi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar katika TANU, hakuanzia ofisini. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na aliwaendea akina mama waliokuwa wakiongoza vikundi vingine vya ngoma mjini. Mtandao wa kadi za chama ulipita kwenye mtandao wa ngoma uliokuwepo tayari. Hayo tunayajua kwa undani kwa sababu miaka ya 1980 alikaa akamsimulia mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger maisha yake. Asingesimulia, tungebaki na wanaume na mihuri yao.

Hapo ndipo wapenzi wa sauti hushangilia mapema mno. Kanda za redio nazo zina mwenyewe. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni, na Radio Tanzania Dar es Salaam ya baada ya 1965 ilikuwa chombo cha serikali huru. Bendi kama NUTA Jazz na Western Jazz zilirekodi humo, na mashairi yalipitiwa kwanza. NUTA Jazz yenyewe ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Kwa hiyo wimbo wa kusifu Azimio la Arusha unatuambia kwanza ni kipi kiliruhusiwa kwenda hewani, kabla haujatuambia watu wa Ilala waliwaza nini. Mtafiti makini ausikilize kwa tahadhari ileile anayosomea barua ya mkuu wa wilaya. Hata hivyo kuna mambo ambayo mpitiaji wa mashairi hakuweza kuyafuta: lafudhi ya mwimbaji, Kiswahili cha mjini cha wakati ule, gitaa lililofuata mkondo wa Kongo au wa Kuba.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha kidogo zilizopo za kuokoa kumbukumbu hizi zianzie wapi, nasema kwenye kanda. Karatasi lina maadui, mchwa na unyevu, lakini ukurasa uliotoboka bado unasomeka. Kanda ya sumaku katika joto la Dar hunyonya unyevu, gundi inayoshika unga wake hulainika, na siku ya kuichezesha hunata kwenye mashine na kuacha uchafu wa kahawia. Mashine zenyewe na vipuri vyake ni adimu, na mafundi wanaozijua wanazeeka.

Wapo wanaopinga kanda hizo zisinakiliwe kwa sababu ya haki za wasanii, na hoja yao naiheshimu sana: wengi wamefariki, na warithi wao hawapaswi kudhulumiwa na mtu anayeuza nyimbo za baba zao mtandaoni. Ila kunakili na kusambaza ni vitu viwili. Nakala inaweza kufanywa sasa na kubaki ndani ya jengo lilelile, ikiwa na jina la bendi, tarehe na majina ya wapigaji kama yalivyo kwenye kasha, wakati COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na familia wakikubaliana nani asikilize, kwa malipo gani.