Nne kwa Tatu, Mlangoni Kwangu
Nimeambiwa leo, tena mlangoni kwangu, nikiwa na ndala mguu mmoja, kwamba mkono wangu wa kulia una haraka. Mkono niliozaliwa nao!

Mliowahi kuketi kwenye piano mbele ya Fantaisie-Impromptu, muziki wa mtunzi Chopin, mnanielewa. Kulia noti nne, kushoto tatu, na pigo ni hilo hilo moja. Pigo ukiligawa vipande 12, kulia inagonga cha 1, 4, 7 na 10. Kushoto cha 1, 5 na 9. Hesabu safi kabisa. Tatizo vidole havijasoma hesabu.

Metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo, nimeifungia kabatini, ilikuwa inanidharau. Mwalimu anasema, "Usihesabu, sikiliza." Nimesikiliza, mwalimu. Nasikia masufuria yakiporomoka ngazini.

Sasa leo hodi. Mzee wa ghorofa ya chini. Nikajiweka sawa kisanii, kidevu juu.

"Shikamoo mzee. Utuwie radhi kwa kelele, ndiyo kazi ya sanaa."

"Marahaba. Kelele tumeshazizoea. Ila kijana, kulia unaingia mapema."

"Mapema?"

"Kushoto kunatangulia, sivyo? Halafu kulia kunyamaze kidogo, ndipo kuingie. Wewe unaingia kama mtu anayekimbilia basi."

Nikataka kumjibu jibu la kisomi. Nikakumbuka kwamba kweli pale pana kituo kidogo, kimechorwa kwenye karatasi ya noti, na nimekiruka miezi mitatu. Mzee hajawahi kuiona hiyo karatasi. Amekisikia kupitia dari!

Hajamaliza. Akaweka kiganja cha kulia kwenye mlango, cha kushoto kwenye fremu, akaanza: wote, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wote, kulia, kushoto… Laini kama maji. Mkewe akamwita kutoka chini. Akamjibu "nakuja, mama," akamwuliza na funguo ziko wapi, viganja vinaendelea tu. Jirani mwingine akapita na ndoo, akasimama, akatikisa kichwa kwa kufuata mdundo. "Mfundishe, mzee wangu," akasema, "mfundishe, sisi tumechoka." Nikaambiwa nijaribu. Kwenye mlango wangu mwenyewe, mbele ya ndoo, nikagonga tatu kwa tatu. Mzee akanipigapiga begani kama mfiwa, akashuka.

Miezi mitatu, jamani! Napiga mswaki nne nikitembea tatu, nimeshajikwaa mara mbili. Usiku godoro lenyewe linadunda. Mikono yangu haisemezani, kama ndugu waliogombea kiwanja. Nikimbembeleza huyu, yule ananuna.

Na kinachoniuma zaidi, mwenyewe Chopin hakutaka tuteseke. Muziki huu aliutunga 1834, akauweka ndani, akafariki 1849 akiwa ameagiza miswada yake ambayo haijachapishwa ichomwe moto. Rafiki yake Fontana akaenda kuuchapisha 1855. Marehemu anasema choma, wewe unapeleka kiwandani! Rafiki gani huyo? Kiberiti kilimshinda nini? Ningekuwa nimelala saa hizi, mzee wa chini naye amelala, ndoo imefika ilikokuwa inakwenda.

Mzee ameniachia ujumbe kwamba kesho anarudi, tuanze na mkono mmoja mmoja. Nimekubali, nitafanyaje. Ila kwanza hii ndala ya pili. Nimeangalia chini ya piano, haipo. Chini ya kabati, haipo. Na mguu wa kushoto unapata baridi.