Duka la vyumba vitatu nalo lina haki ya mchoro wake

Kwetu Unguja mtu akikarabati duka hutenga fedha ya vigae, ya rangi, ya mlango wa kuchonga na ya eisi, mtambo wa kupoza hewa. Ya mchoro wa eisi haimo. Fundi huja, akaitazama dari, akakisia kwa macho, kazi ikaanza. Ami yangu mwenye duka Darajani nilipomuuliza juu ya mchoro alinijibu, "Mwanangu, karatasi haitii baridi." Kwake yeye, na kwa wengi, michoro ni mambo ya hoteli kubwa za Nungwi na Kiwengwa.

Mimi naishi Leicester, Uingereza, na riziki yangu ni kuchora dakti, yale mabomba ya bati yanayopitisha hewa juu ya dari, kwa ajili ya saluni, kliniki za meno na migahawa midogo inayofanyiwa ukarabati. Naamini kinyume cha anavyoamini ami. Hoteli ikikosea ina fedha ya kubomoa na kurudia. Duka dogo halina.

Nyumbani watu hudhani huku tunachora upesi kwa sababu ya kompyuta. Kompyuta inasaidia, lakini wepesi wenyewe unatoka kwenye futi ya kupimia. Kabla sijafungua programu yoyote napanda ngazi, nafungua dari, napima kutoka sakafuni hadi chini ya kila boriti, napiga picha nguzo na mabomba ya maji machafu. Jengo la kabla ya mwaka 2000 hatulitoboi mpaka likaguliwe kama lina asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, maana Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na majengo mengi ya zamani bado yanayo. Vile visivyoweza kuhamishwa ndivyo vinavyotangulia kwenye karatasi. Halafu naandika hewa inayotakiwa katika kila chumba, kisha nachora mstari mmoja mwembamba unaoonyesha njia tu. Mwenye duka na fundi wakishaukubali mstari huo ndipo naingia kwenye upana wa bati, kona na viungo. Mchoraji anayeanza na kona zote, kisha mwenye duka akahamisha kaunta, amefuta kazi ya siku nzima.

Kwenye vipimo vya bati nako kuna fedha. Bomba la duara la kipenyo cha sentimita 30 linahitaji bati la upana wa kama sentimita 94. La pembe nne la 50 kwa 15, ambalo nafasi yake ya ndani imelizidi kidogo tu, linakula sentimita 130, na hewa inakwaruzana zaidi na kuta zake, kwa hiyo feni inafanya kazi kubwa zaidi. Bati likiwa limeletwa kwa meli, na umeme wa kulipia kila mwezi, tofauti hiyo si ndogo. Kwa hiyo penye kimo cha kutosha nachora duara, na lile pana lililobanwa naliweka pale tu dari inaponilazimisha.

Sasa njoo Mji Mkongwe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vingi ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa, mzigo mzito uliokwisha kukadiriwa na waliojenga. Fundi akikata boriti moja ili dakti ipite, au akining'iniza mtambo mzito katikati ya chumba, amegusa nyumba nzima. Mchoro wa ukurasa mmoja ungemwonyesha mapema kwamba dakti ifuate urefu wa chumba bila kukata boriti, na mtambo ukae karibu na ukuta mnene. Pengine ungemwonyesha kwamba nyumba ile haifai dakti kabisa, na hilo nalo ni jibu zuri likija kabla bati halijanunuliwa.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na eisi ya duka la kawaida inaweza kutoa lita kadhaa za maji kwa saa moja. Pita Hurumzi au Shangani utaona mipira imeachwa ikidondokea ukutani. Chokaa inakunywa, inavimba, inabanduka. Mpira wa maji ukichorwa na mteremko wake, sentimita moja kwa kila mita, hadi penye mfereji wa maji machafu, ukuta unasalimika. Dakti isiyovikwa vizuri kizuia joto nayo hutoka jasho juu ya dari na kuiozesha. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta hizi hatuwezi kuziagiza dukani.

Jambo jingine ni hewa mpya. Eisi ya ukutani kwa kawaida inazungusha hewa ileile ya chumba. Uingereza, kanuni za ofisi zinataka lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu. Migahawa yetu mingi inafunga madirisha, inawasha eisi, na mteja anatoka na harufu ya samaki wa kukaanga kwenye kanzu. Wazee waliojenga nyumba hizi waliacha ua wa ndani na dari za juu ili hewa itembee. Huku ughaibuni nimewaona wachoraji hodari wa kompyuta wasiojua hewa inapita wapi mtambo ukizimwa. Fundi wetu analijua hilo, tena vizuri kuliko wao, lakini halipwi kwa kulijua. Analipwa kwa kufunga mtambo tu.

Kwa hiyo napendekeza mwenye duka amlipe fundi ujira wa kupima na kuchora peke yake, kabla ya ujira wa kufunga, na mchoro ubaki kwa mwenye duka. Ukurasa mmoja unatosha: njia ya hewa, ukubwa wa bati, kimo kutoka sakafuni, maji yanakotokea, boriti zilipo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni inaweza kufundisha somo hilo kwa kuwapeleka wanafunzi kupima nyumba halisi za Mkunazini na Malindi, futi mkononi. Ami bado hajakubali. Nimemwomba aniruhusu nimpimie duka lake nikija Idi, na nimemwambia malipo yangu ni biriani.