Konokono katika tangi la samaki: faida yake, hatari yake na mahali alikotoka

Wafugaji wa samaki wa mapambo hawajawahi kukubaliana kuhusu konokono wa maji baridi. Wako wanaomnunua kwa makusudi ili apambane na mwani unaotanda kwenye kioo, na wako wanaomhesabu kuwa msumbufu anayejipenyeza pamoja na mimea na kulijaza tangi kabla mwenyewe hajagutuka. Pande zote mbili zina ukweli wake, ingawa kwa mtu anayeishi Afrika Mashariki ubishi huo, kwa maoni yangu, umeliacha kando jambo zito zaidi: konokono huyo ametoka wapi, na siku asipotakiwa tena atatupwa wapi.

Sifa ya usafi anaistahili nusu tu. Ni kweli kwamba hukwangua mwani na kula majani yaliyooza na chakula kilichoachwa na samaki, na wale wenye ganda refu lililochongoka hujifukia mchangani mchana na kuupekua, jambo linalozuia mchanga usivunde. Hata hivyo, alichokula hurudi majini kama kinyesi, na kinyesi hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, hivyo mwenye tangi hasameheki kubadilisha maji. Lawama ya kuzaliana kupita kiasi nayo mara nyingi imemkosa mkosaji, kwa kuwa konokono huongezeka kadiri ya chakula anachokipata, na anayekimwaga kwa wingi ni binadamu. Jani la letasi lililochovywa katika maji ya moto, likilazwa tangini usiku, huweza kutolewa asubuhi likiwa na konokono wengi. Njia hiyo ni salama kuliko dawa zenye shaba, ambazo huwaua kwa mkupuo, mizoga ikaoza pamoja, na samaki wakaumia kwa amonia.

Hoja kwamba konokono wa tangini humwambukiza mfugaji kichocho inahitaji uangalifu zaidi, maana hapa hofu na uzembe vyote vipo. Kimelea cha kichocho hakizaliwi na konokono. Humwingia pale mkojo au kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa kinapofika majini, kisha hukua ndani yake na kutoka kama viluwiluwi vidogo mno vinavyopenya ngozi. Kwa hiyo, konokono aliyeanguliwa tangini, katika maji yasiyoingiwa na uchafu huo, hawezi kumwambukiza mtu kichocho, na anayemkataza jirani yake kumfuga kwa sababu hiyo anamwonea bure. Aliyeokotwa ziwani, mtoni au kwenye mfereji ni habari nyingine kabisa. Viluwiluwi hivyo huchochewa na mwanga, na taa ya tangi ni mwanga, wakati mfugaji ametumbukiza mkono hadi kiwiko akipanga mawe.

Wala macho hayatoshi kumtambua konokono anayebeba kichocho. Bulinus, anayebeba kichocho cha mkojo, ana ganda ambalo ukilisimamisha ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo huo hukaa kushoto. Tatizo ni kwamba Physa, konokono mdogo asiyebeba kichocho ambaye huingia na mimea ya dukani, naye mdomo wake uko kushoto. Biomphalaria, mbebaji wa kichocho cha tumbo, ana ganda bapa lililojiviringisha linalofanana na la jamaa zake wanaouzwa kwa mapambo. Kwa sababu hiyo naona kuokota porini hakuna utetezi, hata kwa mtu anayejiamini.

Upande wa pili wa safari, yaani kutupwa au kutoroka, umeshaleta gharama kubwa. Pomacea canaliculata, konokono mkubwa mwenye asili ya Amerika Kusini, alipelekwa Taiwan karibu na mwaka 1980 ili afugwe kwa chakula, akatoroka na kuwa janga la mpunga barani Asia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi yote ya Pomacea, yaani kundi zima la spishi za jamaa yake, mwaka 2012, baada ya wavamizi hao kuingia katika mashamba ya mpunga ya delta ya Ebro nchini Hispania. Mwaka 2020 canaliculata alithibitishwa kuwapo Mwea, eneo la kilimo cha mpunga nchini Kenya, ambako wakulima hung'amua ujio wake kwa vichala vya mayai ya waridi vilivyogandishwa kwenye mashina juu ya maji.

Wapenzi wa jenasi hiyo hujibu, na jibu lao si la kupuuzwa, kwamba anayefaa tangini ni Pomacea diffusa, ambaye hana hamu kubwa ya mimea mibichi, na kwamba jinsia zao zimetengana, hivyo mmoja peke yake hazai. Lakini jike aliyekwisha kupandwa huhifadhi mbegu kwa muda mrefu na kutaga akiwa peke yake, na wauzaji wengi hutaja rangi ya ganda tu, wala si spishi. Anayetaka kutofautisha aangalie mishono kati ya mizunguko ya ganda: kwa canaliculata imezama kama mfereji, kwa diffusa mabega ya ganda ni bapa. Muuzaji asiyeruhusu konokono atolewe majini akaguliwe hivyo, mimi nisingenunua kwake. Na vichala vya mayai vikionekana juu ya kioo, vibanduliwe, vipondwe au vigandishwe kwenye friza kabla ya kutupwa, visiende kwenye mtaro.