4,294,967,297: Kazi ya Simu au ya Mwanafunzi?

Barazani kwetu Majengo, hapa Mombasa, ubishi ulizuka juu ya zoezi la tuisheni. Wanafunzi wa kidato cha tatu walipewa nambari 4,294,967,297 waseme kama ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, bila simu. Mzazi mmoja hakupendezwa: "Mwalimu, simu hutoa jibu kufumba na kufumbua. Ya nini kumtesa mtoto?"

Nambari hiyo haikuokotwa tu. Ni 2³² ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa 3, 5, 17, 257, 65,537 na hii inayofuata, pamoja na zote za mtindo huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa maradufu, kisha ongeza 1), ni tasa. Tano za mwanzo ni tasa kweli. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaivunja ya sita: ni 641 mara 6,700,417.

Ikiwa zoezi ni kugawa tu, namuunga mkono mzazi. Ukianza na 2, 3, 5 na kuendelea, 641 ni nambari tasa ya 116. Kugawa tarakimu kumi kwa kalamu mara 116 ni adhabu.

Lakini Euler alithibitisha kuwa kigawo chochote tasa cha nambari hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Hapo mambo hubadilika kabisa! Hadi kufikia 641, zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Tano tu.

Na ukishaijua 641, huhitaji hata kugawa. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hesabu ya mabaki ya 641, ambapo tunaangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, kwa hiyo ukipandisha kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Nayo 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka badala yake: −2³² ni sawa na 1, yaani 2³² + 1 haibakishi kitu. Mtoto wa kidato cha tatu akielekezwa polepole ataifuata, na sioni simu itampa raha hiyo.

Upande wa mwalimu nao hutia chumvi wanaposema zoezi hili ndilo linalolinda pesa mtandaoni. Kufuli za RSA, njia ya kuficha siri mtandaoni inayotegemea ugumu wa kupata vigawo vya nambari kubwa, hutumia nambari za tarakimu mia kadhaa. Ile ya tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020 kwa kompyuta nyingi mno. Ila hoja ya kuwa mashine hujibu kila kitu haisimami pia: 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ongeza 1, imethibitishwa si tasa, lakini hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana.

Kwa maoni yangu, zoezi libaki na simu iruhusiwe. Simu igawe, mwanafunzi aandike kwa nini 193 inafaa kujaribiwa na 191, ambayo pia ni tasa, haifai.