Nzi Wafungwe Kenya, Mimi Niwaagize Uingereza?

Muuzaji mmoja wa zana za uvuvi hapa Nairobi aliniambia wiki iliyopita, kwa ule upole wa mtu anayekutoa dukani bila kukuvunjia heshima, kwamba nzi bandia (ndoano iliyovikwa manyoya na uzi ifanane na mdudu) wa kuvulia trauti, samaki wa mito baridi ya milimani, hana, hajawahi kuwa nao, na kwamba kama nina haraka niwaagize kutoka Uingereza. "Boss, hayo mambo ya nzi ni ya wazungu," akasema, kisha akaanza kunisifia rili kubwa, ile roda ya kukunjia mshipi, ya kuvulia nduaro wa baharini huko Watamu, ingawa nilikuwa nimemweleza mara mbili kwamba ninakwenda Nyeri. Nilirudi nyumbani, nikafungua ukurasa wa duka moja la Uingereza, na chini ya picha ya nzi niliyemtaka nikasoma maelezo yaliyojigamba kwamba amefungwa kwa mkono nchini Kenya.

Nimejaribu kutulia tangu siku hiyo na sijafaulu.

Kazi ya kufunga nzi imekuwapo katika nchi hii tangu enzi za ukoloni, na leo mvuvi wa Scotland au wa Montana akifungua kisanduku chake kuna uwezekano mkubwa kwamba baadhi ya nzi waliomo wametoka mikononi mwa Mkenya. Mafundi hao, wengi wao wakiwa wanawake, huketi mbele ya kibano kidogo kilichoshika ndoano isiyozidi urefu wa ukucha, wakazungusha uzi, wakafunga unyoya wa shingo ya jogoo, wakaongeza manyoya ya sungura na uzi mwembamba wa shaba, na kufanya hivyo kwa ulinganifu ambao nzi wa mia hatofautiani na nzi wa kwanza. Kisha kazi hiyo inatiwa katika maboksi, inapanda ndege, na kugawiwa katika maduka ya miji ambayo mafundi wenyewe hawajawahi kuiona. Mvuvi wa Nyeri anayeihitaji analazimika kulipa nauli ya kuirudisha, kulipa ushuru wa kuiingiza, na kusubiri wiki kadhaa, ili hatimaye akaitupe katika mto ambao fundi aliyeifunga angeweza kuufikia kwa matatu.

Nitajibiwa kwamba viwanda hivyo vimejengwa kwa ajili ya kuuza nje, kwamba vina mikataba yao, na kwamba soko la ndani ni dogo mno kumshughulisha meneja yeyote. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hakuna kiwanda kitakachobadili hesabu zake kwa sababu yangu. Hata hivyo, hakuna anayeomba kiwanda kifunguliwe upya. Wako mafundi wanaofungia nzi nyumbani, na wako waliostaafu ambao vidole vyao havijasahau chochote, na kinachotakiwa ni mwenye duka mmoja tu aende kwao, anunue dazeni chache, awapange chini ya kioo cha kaunta yake, na amwambie mteja kila mmoja ni wa kazi gani. Soko dogo haliwezi kukua ikiwa kila anayelikaribia anaelekezwa uwanja wa ndege. Na kuna jambo linalonichoma zaidi ya bei: wapo mafundi wanaofunga nzi maisha yao yote bila kupata kumwona trauti akimrukia hata mmoja wao, na wapo vijana wanaoishi kando ya mito ya trauti ambao hawajapata kumshika nzi mkononi, na kati ya makundi haya mawili hakuna duka hata moja linalowakutanisha.

Sasa niseme ninachomaanisha kwa duka. Duka la zana za uvuvi lisiloyajua maji ya jirani yake ni ghala tu. Anayeanza hapaswi kuulizwa ana shilingi ngapi, bali anakwenda kuvua wapi, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kila kitu kitakachofuata. Nzi bandia hana uzito wa kutupika, na anayebeba uzito ni mshipi wenyewe, ndiyo maana mishipi ya aina hii hupewa namba na fimbo nayo hupewa namba, na ndiyo maana namba hizo zinapaswa kulingana. Mito yetu ya trauti mingi ni myembamba, inapita chini ya miti, na matawi yanainama hadi usawa wa kofia, kwa hiyo fimbo ya futi saba na nusu au nane, yenye mshipi wa namba 4 au 5 unaoelea, inamtosha kabisa anayeanza. Anayekwenda kwenye maziwa ya juu ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, ambako upepo hauna simile, atahitaji fimbo ya futi tisa na mshipi wa namba 6. Maelezo haya yote hayamalizi dakika tano. Rafiki yangu mmoja, katika duka ambalo sitalitaja, aliuziwa fimbo ya namba 8 pamoja na nailoni ya kawaida ya kuvulia baharini, akashinda kutwa mtoni akizungusha mkono bila nzi kufika hata hatua tatu mbele yake, na jioni akatangaza kwamba mchezo huu ni wa kitapeli. Mchezo hauna hatia katika kesi hiyo.

Kuhusu nzi wenyewe, muuzaji anayejua kazi yake angemfungia anayeanza mfuko mdogo wenye aina tatu au nne: Kenya Bug mweusi, ambaye jina lake peke yake lingetosha kumtia aibu kila mwenye duka asiyemuuza, pamoja na Coachman, Hare's Ear na Pheasant Tail, katika ukubwa wa namba 10 hadi 14. Angemwambia pia asisafiri katikati ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, wala katika siku za mvua kubwa za vuli, kwa kuwa mito hujaa udongo ikawa na rangi ya chai ya maziwa na samaki hawaoni kitu. Januari na Februari maji huwa yametulia na kung'aa. Julai na Agosti kuna baridi na mawingu, na mimi nazipenda kwa sababu hiyo hiyo inayowafanya wengine wabaki nyumbani.

Halafu ndipo waje kwenye maji, na hapa ndipo mashauri ya kaunta yanapokauka kabisa. Gura, unaoteremka kwa kasi ya kutisha kutoka milima ya Aberdare, ndio mto ambamo mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alitia mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905. Huyo ndiye aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, na ndiye yule yule ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa hiyo asitokee mtu kuniomba nimshukuru kwa ajili ya samaki. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye kutoka Afrika Kusini. Samaki hao ni wageni, nalijua hilo, na wapo wanaosema kwamba wamewaonea samaki wenyeji wa mito; hoja yao ina uzito. Lakini wamekaa hapa kwa zaidi ya karne moja, serikali yenyewe imekuwa na kituo cha kuzalisha vifaranga vyao Kiganjo, na sioni mantiki ya kuwatunza samaki kwa fedha ya umma huku maarifa ya kuwavua yakibaki urithi wa familia chache na vilabu vyenye malango.

Gura si mto wa kumpeleka anayeanza. Mawe yake ni makubwa, maji yanasukuma, na sehemu nzuri zimo ndani ya hifadhi ya taifa ambamo utahitaji askari wa kukusindikiza, kwani nyati hatambui leseni. Mathioya, upande wa Murang'a, una vidimbwi vizuri ukipanda juu karibu na msitu. Thiba, ambao maji yake huishia kwenye mpunga wa Mwea, ni mpole zaidi ukiwa bado ndani ya msitu wa Mlima Kenya, na ningekuwa mwenye duka ningeutaja mapema. Kuna Chania wawili, mmoja wa kuelekea Nyeri na mwingine wa kuelekea Thika, na anayeelekezwa "nenda Chania" bila kuambiwa ni upi anaweza kumaliza asubuhi yake nzima upande usio wa Aberdare aliokusudia. Kwa mtu wa Nairobi asiye na gari la milimani, msitu wa Gatamaiyu, upande wa Lari, ndio mahali pa kuanzia, kwa sababu ni pa kwenda na kurudi kwa siku moja. Mito ya Naro Moru na Burguret ningeisifu zaidi kama isingekuwa inanyonywa na mabomba ya umwagiliaji hadi wakati wa kiangazi mvuvi na mkulima wa chini wanabaki kutazama mawe yale yale. Kuhusu Ziwa Rutundu, tangu Mwanamfalme William alipomchumbia Kate pande hizo mwaka 2010, kila mtu analifahamu kwa sababu ya pete na karibu hakuna anayelifahamu kwa sababu ya samaki.

Vibali navyo ni adha. Unaweza kudaiwa leseni na watu wa uvuvi, kiingilio na KWS, shirika la wanyamapori, ukiwa ndani ya hifadhi, na ada ya watu wa misitu ukiwa nje yake, na ofisi hizo haziko mtaa mmoja. Sipingi kulipa. Ninachopinga ni kuyajua haya yote kwa kupitia uvumi.

Mashauri bora niliyowahi kupata hayakutoka dukani. Niliyapata kwa mzee mmoja wa Gatamaiyu ambaye amekuwa akiwasindikiza wageni mtoni tangu ujana wake, na ambaye nzi wake wote ni wa kuachiwa na wageni hao wanapoondoka. Nilimkuta ameketi kwenye gogo, nikamwamkia, na baada ya kuulizana habari za nyumbani na za mvua nikamwomba anieleze nianzie wapi.

"Kijana wangu," akasema, "anzia miguuni mwako. Wewe umeshasimama pale alipokuwa samaki."

Kisha akanirudisha nyuma ya jiwe, akaniinamisha, na kunieleza kwamba trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka akisubiri chakula kimfuate, kwa hiyo mvuvi anapaswa kumjia kwa nyuma, akipanda mto taratibu, akijaribu kwanza dimbwi lililo karibu kabla ya kutamani lililo mbali. Aliniambia nitupe mshipi mfupi, urefu wa fimbo mbili tu, na kwamba wageni wengi hutupa mbali ili waonekane wanajua. Nilipomuuliza kwa nini asiajiriwe na duka mojawapo la Nairobi awe anawaeleza wateja haya, alicheka sana, akaniuliza maduka hayo yanauza nini, na nilipomtajia rili za nduaro akacheka tena kwa sauti ambayo bila shaka iliwatawanya samaki wote waliokuwa wamebaki.

Nayaelewa matatizo ya wenye maduka. Kodi ya Nairobi ni kali, na anayevua baharini au anayevua sangara Ziwa Victoria huacha fedha nyingi kwa ziara moja kuliko mimi kwa mwaka mzima. Wauze rili zao. Sina ugomvi nazo. Ila wasiniambie kwamba mambo ya nzi ni ya wazungu wakati anayewafunga ni mama anayepanda matatu moja nao asubuhi, na anayejua mahali pa kuwatupa ni mzee aliyeketi kwenye gogo Lari.

Kwa hiyo natoa ombi dogo, na nalielekeza kwa mwenye duka yeyote aliyesoma hadi hapa bila kukasirika. Tafuta fundi mmoja. Nunua kwake dazeni mbili za Kenya Bug, nusu ziwe namba 10 na nusu namba 12, na dazeni moja ya Coachman. Bandika ukutani ramani ya Aberdare na Mlima Kenya, uizungushie alama mito mitatu ambayo mtu anaweza kuifikia bila gari la magurudumu manne, na uandike chini yake ni ofisi ipi inayotoa kibali cha kila mmoja. Ukikamilisha hayo kabla ya Januari, maji yakiwa yameanza kung'aa, nitumie ujumbe, nami nitakuja kununua wa kwanza, na sitaomba kupunguziwa bei.