Dhamira za Macbeth: zitangulie au zisubiri?

Mwalimu anaingia darasani na kuandika ubaoni: tamaa ya madaraka, hatia, majaaliwa, usaliti. Wanafunzi wananakili. Ndipo tamthilia ya Macbeth inafunguliwa, na wachawi watatu wanapojitokeza kwenye onyesho la kwanza hakuna anayeshtuka, maana kila mmoja keshajua mambo yataishia wapi na anatakiwa aseme nini juu yake.

Simlaumu haraka mwalimu huyo. Shakespeare aliiandika tanzia hii yapata mwaka 1606, na Kiingereza chake humtoa jasho hata aliyezaliwa nacho. Mwanafunzi wa sekondari anayepigana na kila mstari anahitaji pa kujishikiza. Mtihani nao unauliza dhamira, hauulizi kama uliogopa. Isitoshe, darasa likiachwa lijadili bila dira hukimbilia hukumu: Macbeth alikuwa mbaya, akapata alichostahili, basi.

Hata hivyo naamini orodha ya ubaoni inawanyang'anya vijana kilicho kitamu zaidi. Tuchukue majaaliwa. Likitangulia kama jibu, mwanafunzi ataandika kwamba wachawi walimpangia Macbeth, jemadari wa Uskoti, kumuua mfalme wake Duncan. Lakini wachawi hawakumwambia aue. Walimwambia atakuwa mfalme, wakatoweka. Wazo la kuua lilizuka kichwani mwake mwenyewe. Na pembeni yake alisimama jemadari mwenzake Banquo, aliyesikia utabiri saa ileile na kuahidiwa kwamba uzao wake utatawala, naye hakumwaga damu ya mtu ili utimie. Mwalimu akiuliza tu, "Kwa nini huyu na si yule?", darasa litagawanyika, na kila upande utalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi.

Ipo dhamira nyingine ambayo ni rahisi kuisahau orodha inapoandikwa, nayo kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na umri wao: uanaume ni nini? Macbeth anaposita na kusema jambo hili tuliache, mkewe hajisumbui kumsifia utamu wa ufalme. Anautia shaka uanaume wake. Macbeth anajibu kwamba anathubutu yote yampasayo mwanamume, na athubutuye kupita hapo si mwanamume tena. Ni jibu zuri kabisa, na kabla onyesho halijaisha amekwisha kulitupa. Kisha, katika sehemu ya nne, Macduff, mkabaila anayempinga Macbeth, anapata habari kwamba mkewe na watoto wake wote wameuawa kwa amri ya Macbeth. Malcolm, mwana wa Duncan, anamhimiza alikabili kama mwanamume. Macduff anasema atafanya hivyo, ila ni lazima pia auhisi uchungu huo kama mwanamume. Mvulana wa miaka 16 aliyekua akiambiwa kwamba wanaume hawalii ana la kusema hapo. Msichana aliyekaa dawati la pili naye analo, na huenda likawa zito zaidi.

Kwa hiyo dhamira zifundishwe, tena kwa majina yake, kwa sababu asiye na istilahi hawezi kuipanga hoja yake kwenye karatasi ya mtihani. Ila jina lifuate tukio. Usiku wa mauaji ya Duncan, Lady Macbeth anasema maji kidogo tu yatawatakasa. Katika sehemu ya tano anatembea usingizini, anasugua mikono isiyo na doa, anashangaa kwamba yule mzee, yaani Duncan, alikuwa na damu nyingi kiasi kile. Wanafunzi wawili wasome vipande hivyo kimoja baada ya kingine, kwa sauti, halafu mwalimu anyamaze kidogo. Neno "hatia" watalileta wenyewe, na atakayelileta atakuwa na mistari miwili ya kulithibitisha.

Wanaotetea orodha wana hoja moja isiyopingika, nayo ni muda. Kunakili dhamira ni kazi ya dakika 10; kuzigundua hula vipindi kadhaa, na muhtasari wa somo haumsubiri mtu. Mimi ningeupata muda huo kwa kupunguza mahali pengine. Onyesho la Hecate, mungu wa kike wa uchawi, katika sehemu ya tatu, ambalo wataalamu wengi wanaamini liliongezwa na mkono mwingine, linaweza kusimuliwa kwa sentensi mbili, na kipindi chake akapewa Macduff.